Ajira za Msimu Kibaoni: Haki ya Kibarua Ianzie Anakochukuliwa

Mvua zinapoanza kunyesha katika Bonde la Rukwa, mashamba ya mpunga na mahindi ya Kata ya Kibaoni, Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe mkoani Katavi, huhitaji mikono mingi kuliko ile iliyopo katika kaya za wakulima. Kutengeneza majaruba, kupandikiza, kupalilia na hatimaye kuvuna ni kazi zisizosubiri. Pengo hilo huzibwa na vibarua wa msimu, wakiwemo wanaotoka nje ya kata na nje ya mkoa.

Ajira hizo ni tegemeo kwa pande zote mbili. Mkulima hupata nguvu kazi, naye kijana hupata mtaji wa kuanzia maisha. Hata hivyo, makubaliano ya ajira za namna hii mara nyingi hufanyika kwa mdomo, mbali na shamba lenyewe, kati ya kibarua na mtu anayekusanya wafanyakazi kwa niaba ya mwenye shamba. Kibarua huondoka kwao bila kuuona mkataba, huku nauli na chakula vikihesabiwa kuwa deni lake. Msimu unapokwisha, anayeshika daftari ndiye anayeamua nani anamdai nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kibarua, mali hiyo ni jasho la miezi kadhaa.

Suala hili si geni nchini. Enzi za ukoloni, maelfu ya wanaume walichukuliwa kutoka maeneo kama Kigoma, Ufipa na Songea kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Wakulima wa mkonge walianzisha chombo chao cha kuajiri, SILABU, mwaka 1944. Wafanyakazi hao waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba, na malipo yalitegemea kukamilisha siku 30 za kazi zilizoandikwa kwenye kipande. Udhaifu wa mfanyakazi ulianzia pale alipochukuliwa, kabla hajafika shambani.

Sheria za Tanzania huru zimelizingatia jambo hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi taarifa za maandishi zinazoonesha, pamoja na mambo mengine, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, saa za kazi na ujira wake. Iwapo mfanyakazi haelewi maandishi hayo, mwajiri anawajibika kuhakikisha anafafanuliwa kwa namna anayoielewa. Wasiohusika na takwa hilo ni wale wanaofanya kazi kwa mwajiri chini ya siku 6 kwa mwezi. Kibarua wa msimu mzima hayumo katika kundi hilo.

Kutajwa kwa mahali alipoajiriwa kuna maana kubwa. Chini ya kifungu cha 43 cha sheria hiyo, ajira inapokoma mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri anapaswa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi huko, au kugharamia safari hiyo. Asiye na maandishi hupata shida kudai haki hii, ingawa mwajiri asiyetoa maandishi ndiye anayebebeshwa jukumu la kuthibitisha masharti ya ajira mgogoro unapofikishwa kwenye shauri.

Sheria hiyo pia inakataza kazi ya kulazimishwa na inazuia makato ya ujira yasiyoruhusiwa kisheria au yasiyo na ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Mahali ambapo udanganyifu umetumika kumchukua mtu ili anyonywe, suala huvuka mipaka ya mgogoro wa kazi na kuingia katika Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Kwa upande wa kimataifa, kanuni za ajira ya haki zilizopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2016 zinaeleza kuwa gharama za kutafutiwa kazi hazipaswi kubebwa na mfanyakazi.

Ni kweli kwamba wakulima wengi ni wadogo na hawana fedha taslimu hadi mavuno yauzwe. Hali hiyo haiondoi wajibu wao. Karatasi moja inayotaja kazi, kiwango cha malipo, siku ya kulipa na malipo ya awali yaliyokwisha kutolewa, ikisainiwa na pande zote mbili na kila mmoja akabaki na nakala, haihitaji gharama kubwa. Humlinda pia mkulima dhidi ya kibarua anayechukua malipo ya awali na kutoweka.

Serikali za vijiji zina nafasi ya kipekee. Afisa Mtendaji wa Kijiji anayemwandikisha mgeni katika daftari la wakazi anaweza kuhoji ni nani aliyemleta, kwa kazi gani na kwa malipo yapi. Swali hilo likiulizwa siku ya kwanza, huzuia malalamiko mengi ya siku ya mwisho.

Kibarua aliyedhulumiwa anaweza kufika kwa Afisa Kazi wa mkoa au kuwasilisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda ni muhimu: mgogoro wa kuachishwa kazi huwasilishwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Kibarua anayerudi kwao mikono mitupu, akiahidiwa kutumiwa fedha baadaye, anaweza kuipoteza haki yake akiwa bado anasubiri. Ni vyema basi hesabu zikamilishwe kabla hajapanda gari la kurudi.