Post-punk ilifika hadi Bunyore

Mwandishi, makala nimeipenda, ila hapo unaposema post-punk ya Uingereza haikuwahi kugusana na magharibi mwa Kenya, nakataa. Ben Mandelson alipiga gitaa na Magazine, bendi ya post-punk ya Howard Devoto, kwenye albamu yao ya 1981, Magic, Murder and the Weather. Huyo huyo akaanzisha na mwenzake lebo ya GlobeStyle, iliyotoa nyimbo za kundi la Abana ba Nasery la Bunyore, huko huko magharibi mwa Kenya, kisha 1992 ikatoa albamu yao, Nursery Boys Go Ahead!, waliyorekodi Uingereza pamoja na wanamuziki wa huko. Na nyinyi mnaobishana kwenye maoni hapo juu eti gitaa kavu, lisilo la umeme, ni la wazee, itafuteni albamu hiyo! Sikilizeni Enos Okola wa kundi hilo akikwaruza chupa ya Fanta chini ya sauti ya mwenzake Shem Tube. Hata hukumbuki kuuliza ngoma iko wapi. Nimelelewa Bungoma na kanda zao alizokuwa nazo baba. Nilipoenda kusoma Kitale, rafiki akaniazima kanda ya Joy Division, hao nao wa post-punk, na masikio yakawa tayari: gitaa chache, nafasi tele, hakuna pambo. Redio zetu ziwapige Abana ba Nasery jioni watu wakiwa macho, jamani, si alfajiri ya Jumapili tu.