Mnatuonyesha kamera, fagia mnaificha

Wasee, leo sina vidio. Leo nimeandika, kwa sababu haya maneno nikiyaweka kwa vidio ya sekunde 30 mtakimbilia komenti kabla nimalize.

Wiki mbili sasa simu yangu imejaa kitu kimoja: vijana wa rika letu wako majuu, "siku yangu ya kwanza kwa mji mpya." Chumba kina dirisha kubwa. Treni imefika dakika ile ile iliyoandikwa. Kahawa, theluji kidogo, wimbo. Halafu chini: "Ni kujituma tu, hata wewe unaweza."

Acha niongee kama mtu wa Gikomba. Beli ikifunguliwa hapa, wa kwanza kuchagua anaondoka na kamera, zile nguo safi hata lebo haijatoka. Zinazobaki zinachambuliwa tena na tena hadi mwisho kabisa, na hapo ndipo kuna fagia, ile ya kuuzwa bei ya kutupa. Kila muuzaji anajua hasara ya beli inakaa kwa fagia. Kwa hivyo mtu akikuonyesha kamera peke yake, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hizo vidio ni kamera. Fagia iko wapi?

Tuanze na hiyo "hata wewe unaweza." Kijana wa Ufaransa au Japani akitaka kuonja maisha Australia, kuna viza yake: aende likizo, afanye kazi humo humo ili ajilipie, azunguke, arudi. Australia ilianza mpango huo 1975. Leo orodha ina zaidi ya nchi 40. Akifanya siku 88 za kazi ya shamba au kazi nyingine zinazokubalika huko mashinani, anaweza kuomba mwaka wa pili. Kazi ikimchosha anaacha, anapanda basi, anaenda mji mwingine. Sasa soma hiyo orodha kutoka juu hadi chini, utafute nchi moja ya Afrika. Hakuna. Kenya haiko, na si kwa sababu wewe na mimi hatujajituma.

Na usidhani imekuwa hivyo siku zote. Uingereza ilikuwa na mpango kama huo kwa vijana wa Jumuiya ya Madola, na Kenya ni mwanachama. Miaka 17 hadi 30, unakaa miaka miwili, unafanya kazi, unatembea. 2008 wakaufunga. Wakaleta mpya wenye Australia, Canada, New Zealand na Japani, na wengine wakaongezwa baadaye. Sisi tukabaki nje. India nao wakakaa mezani wakajadiliana, na 2023 wakaanza kupewa nafasi hadi 3,000 kwa mwaka. Kwa hivyo huu mlango hufunguliwa. Lakini lazima kuwe na mtu wa kuubisha.

Sisi tumebaki na nini? Wengi wa rika letu wanapitia Ujerumani, kama au pair. Nitawaambia inavyokuwa, kwa sababu rafiki yangu wa damu yuko huko. Tumekua naye pamoja, mamake anauza mapazia hapa Gikomba.

Kwanza, lazima uwe na miaka 18 na usiwe umefika 27. Lazima uwe na Kijerumani cha A1. Unakaa kwa nyumba ya familia, unaangalia watoto wao, unasaidia kazi ndogo za nyumba. Sheria inasema si zaidi ya saa 30 kwa wiki. Chakula, chumba na bima ni juu ya familia. Unapewa pesa ya mfukoni, euro 280 kwa mwezi, na euro 70 ya kusaidia kulipia darasa la lugha. Mwisho ni mwaka mmoja, na hairudiwi.

Euro 280 ni kama elfu arobaini hivi za Kenya. Kuna mtu hapa Majengo anasoma hiyo akisema, "Si mbaya, mimi sipati hata nusu." Sawa. Lakini hii haikuitwa mshahara, imeitwa pesa ya mfukoni, na hiyo mifuko iko Ujerumani. Unainunulia koti la baridi kwa bei ya huko. (Koti ambalo miaka michache baadaye litakuja Gikomba kwa beli bila kuulizwa barua ya benki.)

Rafiki yangu alifika mji mdogo, siutaji. Jumapili ya kwanza akatoka kutafuta maziwa. Maduka yote yamefungwa. Yote. Sheria yao ndiyo hiyo. Akatembea barabara mbili hajaona mtu wa kumsalimia, na huyu ni mtu amezoea kutoka kwa mlango akiitwa jina mara kumi kabla afike stendi. Wiki hiyo hiyo anaambiwa aende ofisi ya mji kuandikisha anwani, una wiki mbili tu tangu uhamie, na bila hiyo karatasi mambo mengine mengi hayaanzi. Fomu zote ni za Kijerumani. A1 yake ilimfunza kusema anaitwa nani na anapenda mpira. Haikumfunza hiyo fomu.

Unajua siku hiyo aliposti nini? Picha ya daraja na maua.

Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia: "Nikiposti ukweli, mtaa utasema nimeshindwa. Na kuna watu walichanga."

Hapo ndipo nilipoacha kukasirikia wenye vidio peke yao. Sisi tulio huku ndio wateja wa hizo vidio. Msee hajamaliza wiki mbili majuu, hajui hata takataka zinatupwa siku gani, na tayari ana meseji: "Tukumbuke." "Hapa mambo ni magumu." "Kuna harambee Jumamosi." "Nitumie viatu saizi 42." Viatu! Mtu wa Gikomba anaagiza viatu Ujerumani! Akinyamaza, tunasema ameringa. Akisema hana, tunasema ameficha. Basi anakopa, au anajifunza kudanganya. Anapiga picha ya daraja.

Yule kijana wa Japani aliye Australia ana faida moja kubwa kuliko viza: akikaa miezi mitatu akipotea njia, akikosea lugha, akilia usiku, hiyo inaitwa kuzoea. Wetu akifanya hivyo inaitwa hasara.

Najua mtasema nina wivu. "Huyu si aliacha kampasi?" Ndiyo, niliacha. Na ndiyo, hata mimi nilianza A1, kwa hivyo najua ile njaa ya kutoka. Sisemi msiende. Nendeni. Ninachosema ni mtu asiende akifikiria ni likizo, ilhali anaenda kuajiriwa ndani ya nyumba ya watu na deni limemfuata nyuma.

Kwa hivyo, matatu tu.

Nyinyi mlio huko na mna wafuasi: wekeni fagia pia. Ile Jumapili ya maziwa, ile fomu, pesa iliyobaki tarehe 20. Na mkilipwa na ajenti kumtangaza, semeni mmelipwa. Wewe uliye huku, kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha huyo ajenti yuko kwa orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wafuasi elfu mia si leseni.

Serikali: Septemba 2024 mlitia sahihi mkataba wa wafanyakazi na Ujerumani. Mtaani kukavuma nafasi 250,000, Wajerumani wenyewe wakakanusha, wakasema mkataba hauna idadi yoyote. Sasa mkikaa tena na hizo nchi, ombeni kitu ambacho India walipata. Kijana wa Kenya naye ana haki ya kwenda mahali kuona dunia, si kusafirishwa kama mikono ya kazi peke yake.

Na sisi mtaa: mtu akienda, mpeni miezi sita. Bila "tukumbuke." Bila viatu.

Mamake rafiki yangu bado yuko na mapazia yake. Tangu msichana aende, hajamwitisha kitu. Akipiga simu anauliza swali moja: "Umekula?" Ndiye mtu wa pekee Gikomba nzima anayejua ile stori ya maziwa kutoka siku ile ile. Sisi wengine tuliona maua.