Njooni na katoto kenu

Ndugu mnaoingia mwaka wa kwanza, nianze na aibu yangu. Niliulizwa mfano wa neno la udogo, nikajibu "katoto, tutoto", kama tunavyosema nyumbani Kadutu. Ukumbi mzima ulicheka. Silabasi ilitaka "kitoto, vitoto". Nikafunga mdomo miezi mingi, nikikariri tu, na alama zangu zilikuwa za mtu anayekariri.

Kumbe somo nilikuwa nalo mdomoni. Ka- na tu- ni ngeli za 12 na 13, za kale katika Kibantu. Mashi inazo mpaka leo. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, hutumia ki- na vi- mahali pake. Mama anayeuza sambaza soko la Kadutu hakosei ngeli hizo hata mara moja.

Sanifu jifunzeni barabara, mtihani hauna huruma. Ila nunueni pia daftari dogo, mwende nalo sokoni. Langu la pili linakaribia kujaa.

Na walimu wetu, kwa heshima: mwanafunzi akisema "katoto", muulizeni kwanza amekatoa wapi.