Acheni Kuipigia Kampuni Makofi

Sherehe yenyewe kila mtu wa mji wetu wa Likasi anaijua. Turubai limesimamishwa, viti vya plastiki vimepangwa, chifu ameketi mbele, akina mama wamevaa vitenge vipya, na mtu aliyetumwa na kampuni ya mgodi anakata utepe mbele ya pampu ya maji. Vigelegele, ngoma, hotuba. Kesho yake redio inatangaza kwamba kampuni fulani imewasaidia wanakijiji, na mtaani watu wanaafikiana: wale jamaa wana moyo, Leta, yaani serikali, haijatufanyia hata hilo.

Imani hiyo ya msaada ni uongo, na uongo huo unatugharimu samaki.

Kifungu cha 258 bis cha Sheria ya Migodi ya Kongo, kilichoingizwa katika marekebisho ya tarehe 9 Machi 2018, kinaamuru mwenye haki ya kuchimba atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Kinaamuru, hakiombi. Tena fungu hilo hutengwa bila kutozwa kodi ya faida. Hayo maneno machache ya mwisho ndiyo yasiyotajwa kamwe chini ya turubai.

Tuhesabu. Kampuni ikiuza madini ya dola milioni 100 kwa mwaka, asilimia 0.3 ni dola 300,000. Kodi ya faida kwa wachimbaji ni asilimia 30. Kama pesa hizo zingebaki zikahesabiwa kuwa faida, Leta ingechukua 90,000. Imeziacha kwa makusudi, ili zifike kwako. Kwa hiyo katika kila dola 100 za kisima kile, 30 zilikuwa za hazina ya taifa, na 70 zilizobaki kampuni inazitoa kwa sababu sheria imeishika mkono. Zawadi iko wapi hapo?

Sokoni, mama akishakupimia samaki wadogo wa ndakala kisha akatupia kiganja kimoja juu yake, hiyo ni matabishi. Alikuwa na haki ya kutokuongezea, akaongeza, mshukuru. Anayelipa deni hadai vigelegele. Na zipo kampuni zinazotoa zaidi ya kiwango cha sheria, sikatai. Basi zituonyeshe kwanza deni, ndipo tuone nyongeza.

Mtu ataniuliza haya yanahusiana vipi na samaki. Twende Tshangalele. Ziwa hilo la mashariki mwa mji ni kazi ya mikono ya watu: lilizaliwa mwaka 1930, kampuni ya shaba ya Union Minière ilipouziba mto Lufira kwa bwawa la Mwadingusha ili ipate umeme wa viwanda vyake. Bonde likajaa maji, tilapia na kambale wakaongezeka, samaki wakawavuta watu. Kapolowe na vijiji vya kandokando vikaishi kwa nyavu, na bukari ya Likasi ikapata kitoweo. Shaba ndiyo iliyolizaa ziwa. Shaba hiyo hiyo ikawa inalimwagia uchafu, kwa kuwa maji ya viwanda vya mji huu hushuka kwa vijito hadi Lufira, na Lufira huingia ziwani.

Hizi si porojo za kilabuni. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Benoit Nemery wa kile cha Leuven na wenzao walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Kobalti waliyoikuta ilipita viwango vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Mwaka uliofuata, katika jarida la Tropicultura, Katemo Manda na wenzake walitoa matokeo ya kupima shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimiamu, urani, vanadi na aseniki katika mnyororo wa chakula wa Lufira ya juu. Kazi nzuri. Lakini mama anayechagua samaki Kapolowe asubuhi ya leo hana haja ya jarida. Anataka kujua kama kambale, anayeshinda kwenye tope ambamo madini hutulia, ni sawa na tilapia. Kama samaki wa upande huu ni sawa na wa ule. Kama ampe mtoto kila siku au mara moja kwa wiki. Majibu ya namna hiyo hupatikana kwa kupima kila msimu, mwaka baada ya mwaka. Mtafiti anayepita mara moja akaondoka na chupa zake hawezi kuyatoa.

Hapo ndipo ninaposikia lile neno jingine, kwamba utafiti haujazi sufuria. Kweli, haujazi. Ila mvuvi asiye na vipimo hana la kusema siku mnunuzi wa Lubumbashi atakapokataa kapu lake kwa uvumi tu, wala hana karatasi ya kupeleka mahakamani siku samaki watakapoelea wamekufa.

Pesa za kumpatia karatasi hiyo zipo, ni zile za asilimia 0.3. Tatizo ni kwamba sheria inazungumzia jamii zinazouzunguka mradi, na mtu wa kampuni husoma neno hilo akiwa amesimama kwenye uzio wake. Mto haujui uzio. Hata ule mrabaha wa madini, ambao asilimia 15 yake huenda kwa mamlaka ya mahali panapochimbwa, unamruka mvuvi: ziwani hapachimbwi kitu. Anayepokea maji machafu si jirani, anayeliona lango la mgodi ndiye jirani. Maadamu tunaamini ni msaada, tutanyamaza, kwa maana mpewa hachagui.

Wenzetu wa mbali walilifanya jambo hili la kusamehe kodi kwa sharti kwa uwazi zaidi. Alaska, kwenye bahari ya Bering, vijiji 65 vina mgao wao wa samaki tangu mpango wao ulipoanza mwaka 1992. Makundi yao yaliyoshusha samaki wa mgao huo yaliweza kukatiwa sehemu ya kodi ya kushusha samaki kama yalichangia mafunzo, majengo ya uvuvi au utafiti. Hesabu iliandikwa kwenye fomu ya kodi, mahali pake.

Najua jibu la watu wetu: afadhali kampuni ijenge yenyewe, maana pesa zikipanda ndege kwenda Kinshasa hazirudi. Nakubali kwa nusu. Mimi pia napenda pesa zibaki hapa. Sina ugomvi na kodi kusamehewa kwa sharti. Lakini aliyesamehewa kodi ameshika pesa za umma, na mshika pesa za umma huonyesha vitabu. Sheria yenyewe inataka fungu hilo lisimamiwe na chombo chenye wawakilishi wa kampuni na wa jamii pamoja. Ni wangapi kati yenu mnaojua jina la anayewawakilisha?

Ndugu zangu wa Kapolowe, mkialikwa tena chini ya turubai, nendeni. Kuleni, kunyweni. Ila kabla utepe haujakatwa, mmoja wenu asimame aulize mauzo ya mwaka jana yalikuwa dola ngapi, na samaki wa Tshangalele watapimwa lini.