Redio ya siku ya hatari ni ile tunayoisikiliza kila siku



Mu ofisi ya koperative yetu, huku kando ya ziwa Kivu mu teritware ya Kalehe, kuko kabati moja ya mbao. Mwaka 2023, mu ile kabati tulikuwa na redio mpya kabisa, ingali ndani ya karto yake. Ilikuwa na manivele ya kuzungusha kwa mkono, kioo kidogo cha jua ku mgongo, torshi mbele, na tundu ya kutia moto mu telefone. Tuliambiwa: hii ni redio ya siku ya hatari, muitunze vizuri. Na kweli tuliitunza. Karibu mwaka mzima hakuna mtu aliyeigusa. Ufunguo ulikuwa kwa katibu.

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mvua ilinyesha sana mu milima, mito ikafurika, maji na mawe vikashukia Bushushu na Nyamukubi. Ku Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Huku kwetu hakukuanguka jiwe, lakini kuko memba waliokuwa wameenda soko. Rezo ya telefone ilikuwa inakuja na kukatika. Usiku habari ikapita njiani kwamba mlima mwingine unapasuka, na maji yanakuja kwetu. Wamama wakabeba watoto mgongoni, wakapanda kilima mu giza na mvua.

Njo mmoja wetu akakumbuka redio. Tukatafuta katibu: alikuwa Bukavu, na ufunguo mu mfuko. Tukavunja kabati. Tukazungusha manivele, redio ikalia kidogo, kiisha kimya. Kijana mmoja akazungusha kwa nguvu, manivele ikabaki mu mkono wake. Fasi ya pile ilikuwepo, lakini ilitaka zile pile ndogo nyembamba, na butike ya kijiji inauzaka paka zile kubwa za torshi.

Ile habari ya mlima ilikuwa uongo. Lakini mama mmoja mzee alianguka njiani akavunjika mguu, na mpaka leo anatembea na fimbo. Kama redio ingelisema, labda angelibaki kwake.

Mimi siandiki kwa kulaumu katibu. Nilikuwa mu komite, na sahihi yangu iko ku karatasi ya kupokea ile redio. Maoni yangu ni haya: redio ambayo haisikilizwi siku ya amani haitasema siku ya hatari. Basi tuchague redio ambayo tutaitumikisha kila siku, na tuiweke fasi watu wanaweza kuifikia.

Wengine wanasema: redio ya nini, wakati kila kijana ana telefone? Telefone ni kitu kizuri, minakubali. Lakini antena ya rezo inataka moto, na ikikosa moto, telefone zote za kijiji zinanyamaza pamoja. Telefone nyingi zinashika FM, lakini mpaka utie ekutere, na hapo anasikia mtu mmoja. Redio inasikiwa na nyumba nzima, na jirani anayesimama mlangoni.

Tukumbuke pia Goma. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni. Siku tano kiisha, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba watu wa kartie 10 kati ya 18 za mji watoke. Watu wakaenda Sake, wakaenda Minova, wengine wakavuka Rwanda. Mtu aliyelala chini ya hema Sake bila redio alijua namna gani siku ya kurudi? Kwa maneno ya njiani. Na maneno ya njiani, ndugu zangu, hayana mwenyewe.

Sasa tuchague namna gani? Kwanza, tusinunue kwa macho. Ku duka za mji kuko redio zinazong'aa, zimejaa vifungo. Zingine zimeandikwa WB, na muuzaji anasema hiyo inaleta habari za mvua na upepo. Ni kweli, lakini ni kwa watu wa Marekani na Kanada: zile stesheni ziko kwao. Huku kwetu ukifunga pale utasikia paka mvumo. Usilipe franka ya kitu ambacho hakitakusaidia.

Pili, tuangalie chakula cha redio. Nzuri ni ile inayokula fasi tatu: manivele, jua, na pile za kawaida. Manivele inasaidia usiku, lakini dakika moja ya kuzungusha inakupa muda mdogo tu wa kusikiliza. Kile kioo cha jua ni kidogo, na siku za mvua nyingi, ambazo njo siku za hatari yetu, jua linajificha. Kwa hiyo mimi ninatia nguvu zaidi ku pile. Mbele ya kununua redio, ingia kwanza mu butike ya kijiji chako, uliza pile gani inauzwa pale. Chagua redio inayokula ile pile. Mtu hanunui jembe ambalo mpini wake unatoka ngambo.

Tatu, tuijaribu kwetu, si mu mji. FM inaenda moja kwa moja sawa vile macho: mlima ukisimama katikati, sauti haipiti. Redio inayosema vizuri Bukavu inaweza kunyamaza mu bonde letu. Muombe muuzaji muipeleke siku mbili, muache feza yake pale kama dhamana. Muifungue jioni, ndani ya nyumba, huku mvua inanyesha ku mabati. Muhesabu stesheni zinazoingia wazi. Muangalie kama Radio Okapi inaingia: tangu 2002 inatoa habari kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili ndani. Muangalie pia redio ya karibu yenu, juu ile njo itasema daraja gani limekatika na pirogi ipi inavuka. Kama redio ina SW, ni vizuri zaidi, juu SW inatoka mbali na inapita juu ya milima. Siku stesheni za karibu zikikosa mafuta ya groupe, utapata bado sauti ya mbali.

Nne, sauti ikuwe kubwa na kifungo kikuwe rahisi. Koko asiyejua kusoma aweze kuifungua yeye mwenyewe mu giza. Na ile tundu ya telefone tukubaliane mapema: ni ya telefone moja, ya chefu wa kijiji ao ya muganga. Tukiruhusu kila mtu, moto wa redio utaishia mu telefone za vijana.

Redio ikiisha kununuliwa, itoke mu kabati. Ikae kwa memba anayekaa katikati ya kijiji, mwanaume ao mwanamuke, ambaye halali mbali. Memba wa pili ajue kuitumikisha. Kila jioni isikilizwe: habari, bei za maharagi na kahawa, maneno ya mvua. Ile ya ndani inayobeba moto wa manivele inakufaka kama haitumiki, sawa vile ng'ombe asiyekamuliwa anavyokauka. Pile za akiba zikae inje ya redio, mu mfuko wa plastiki, juu pile ikivuja ndani inakula chuma. Kila tarehe 1 ya mwezi, mu mukutano, iwashwe mbele ya wote. Isiposema, ijulikane siku hiyo, si siku ya maji.

Kuko jambo moja ninataka lisisahauliwe: redio haioni mto wako. Yule anayesoma habari Bukavu hajui maji ya kijiji chako yamegeuka rangi. Ukiona mto unaleta tope na miti kwa gafula, ao maji yanapunguka wakati mvua ingali inanyesha, usifurahi: labda udongo umeziba kule juu, na ukiachia, vyote vitashuka mara moja. Panda na watoto, usingoje tangazo. Kazi ya redio ni kukuambia yaliyo mbali: njia, daraja, fasi ya maji safi, na kukata uongo. Kazi ya macho yako ni yale ya karibu.

Mwisho, feza. Kuko memba wanaosema tungoje shirika lilete redio zingine. Wale wanaotusaidia, tunawashukuru, hata kupitia gazeti hili. Lakini kitu cha kupewa tulikifungia mu kabati, juu hakukuwa na jasho letu ndani. Sisi tuko memba 62. Kila mmoja akitoa franka 1 000, ni franka 62 000 mu kesi. Kama haitoshi redio nzuri, tuongeze kidogo wakati wa kuuza kahawa. Redio tuliyonunua sisi wenyewe, kila mtu atauliza iko wapi na kama inasema.

Mimi nitaleta hili neno mu mukutano mukuu unaokuja. Nanyi mu koperative zenu, fungueni kabati leo. Kama kuko redio ndani, iwasheni. Ikinyamaza, mushukuru kwamba imenyamaza siku ya jua.