Miti iliyoangushwa na upepo ikatwe na waliofunzwa

Kukata miti iliyoangushwa na upepo ni kazi ya waliofunzwa, si ya yeyote mwenye msumeno wa injini.

Mti uliolala haujatulia. Shina lililopinda likianza kukatwa upande uliovutika, huweza kupasuka na kumpiga mkataji. Kibaya zaidi ni kisiki: shina likitenganishwa, mizizi iliyong'oka pamoja na udongo wake huweza kurudi shimoni ghafla na kumfukia aliyesimama hapo, hata mtoto aliyekuja kutazama.

Nyaya za umeme zilizonaswa matawini nazo huua.

Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilithibitisha kuwa pwani ya Tanzania haina kinga dhidi ya upepo mkali. Wenye dhamana ya maafa wilayani watoe mafunzo na kofia ngumu, tena kabla ya mvua zijazo.