Mbegu Pekee Haitaokoa Maharagwe Yetu

Mkulima wa Kakamega aonapo maharagwe yake yakigeuka manjano na kunyauka majuma machache baada ya kuota, huilaumu mvua. Aghalabu mkosaji yumo udongoni. Ni ugonjwa wa kuoza mizizi, ambao katika miaka ya 1980 na 1990 uliwavunja moyo wengi Magharibi ya Kenya hata wakaliacha zao hilo.

Watafiti wa kilimo wa Kakamega walitoa jawabu: mbegu za KK8, KK15 na KK22, zinazostahimili maradhi hayo. KK22 ina asili yake Rwanda, na kinga yake dhidi ya viini vya Pythium hutokana na jeni moja yenye nguvu. Ikitoka kwa mzazi mmoja tu, yatosha. Hapo pana faraja, kwani ni rahisi kuirithisha mbegu nyingine. Pana hofu pia: nyumba ya nguzo moja huanguka nguzo ikiliwa.

Nionavyo mimi, kosa letu ni kuifanya mbegu hirizi. Mashamba ni madogo, nayo hupandwa maharagwe masika na vuli bila kupumzishwa wala kutiwa samadi. Hivyo twavilisha viini tunavyovikimbia.

Serikali ya kaunti na iwafikishie wakulima mbegu safi pamoja na maafisa wa nyanjani wa kuwafunza kubadilisha mimea. Watafiti nao wapewe fedha za kuunganisha jeni kadhaa katika mbegu moja. Kinga ni bora kuliko tiba, lakini kinga nayo yataka mlinzi.